Siku tatu darasani: kisa cha Autherine Lucy na Chuo Kikuu cha Alabama

Anayekijua kisa hiki kwa juujuu atakwambia Autherine Lucy alifukuzwa Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1956 kwa sababu alikuwa Mweusi. Ni kweli, lakini ukiitafuta sababu hiyo katika maamuzi ya chuo chenyewe hutaikuta imeandikwa. Mara ya kwanza chuo kilisema kulitokea makosa ya udahili. Mara ya pili kikasema kinamlinda asidhurike. Mara ya tatu kikasema ni utovu wa nidhamu, kwamba mwanafunzi huyu amekizushia chuo uongo. Hii ya tatu ndiyo iliyosimama miaka 32. Na kalamu iliyoifungulia njia haikuwa ya chuo, ilikuwa ya mawakili wake mwenyewe. Hapo ndipo nataka tukae.

Lucy alizaliwa Oktoba 5, 1929, huko Shiloh, wilaya ya Marengo katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kitinda mimba katika nyumba ya watoto kumi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba, karanga, matikiti na viazi vitamu. Baba alifua chuma na kusuka vikapu pia, maana jembe peke yake halikulisha vinywa vyote hivyo. Binti akasoma kwa hatua: Linden, kisha Chuo cha Selma, kisha Chuo cha Miles karibu na Birmingham, alikohitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1952. Vyote vilikuwa vyuo vya Weusi. Waliomjua walimweleza kuwa mtu wa haya, mpole wa sauti. Rafiki yake pale Miles, Pollie Anne Myers, alikuwa kinyume chake. Pollie aliandika gazetini, alikuwa mwanachama wa NAACP, yaani jumuiya kongwe ya kupigania haki za Weusi, na hakuogopa mtu. Pollie ndiye aliyesema: tuombe Chuo Kikuu cha Alabama. Lucy alidhani rafiki yake anatania.

Kwa nini Alabama, na si chuo kingine ambako wangepokelewa kwa shangwe? Kwa sababu kilikuwa chuo cha jimbo. Kimefungua milango mwaka 1831 na kinaendeshwa kwa kodi, na miaka hiyo karibu theluthi ya wakazi wa Alabama walikuwa Weusi. Baba wa Lucy alikuwa akichangia maktaba ambayo binti yake hakuruhusiwa kuingia. Chuo binafsi kingeweza kujitetea kwamba mali ni yake. Chuo cha umma hakina utetezi huo, ndiyo maana vita hivi vilipiganiwa Tuscaloosa, mji kilipo chuo hicho.

Waliomba Septemba 1952. Wakakubaliwa. Walipata barua za kukubaliwa na kutengewa nafasi bwenini. Chuo kilipobaini kwamba wasichana hawa ni Weusi, na wao wenyewe wakafika Tuscaloosa, waliambiwa kumetokea makosa. Tazama neno lililochaguliwa. Hakuna aliyesema "hatuwataki." Walisema makosa, kana kwamba karani fulani alikosea kujumlisha.

Wakaenda kwa wakili Arthur Shores wa Birmingham, na nyuma yake wakasimama Thurgood Marshall na Constance Baker Motley wa NAACP. Kesi ilifunguliwa 1953 dhidi ya William Adams, mkuu wa udahili, na ikajikokota. Mei 17, 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu maarufu iliyobatilisha ubaguzi katika shule za umma. Katikati ya mwaka 1955 Jaji Hobart Grooms wa mahakama ya shirikisho huko Alabama akaamua kwamba Lucy na Myers wasikataliwe kwa sababu ya rangi, wao na wengine wote walio katika hali kama yao. Mahakama Kuu ikaunga mkono Oktoba 10 mwaka huohuo. Naomba ukumbuke maneno hayo, "na wengine walio katika hali kama yao." Tutayarudia.

Miaka mitatu ilikuwa imepita, na chuo hakikuikalia bure. Kilikodi wapelelezi wa kulipwa wachimbue maisha ya wasichana wale. Kwa Lucy hawakupata kitu. Kwa Pollie wakapata: wakati anaomba nafasi alikuwa na mimba kabla ya kufunga ndoa. Chuo kikamkataa kwa msingi wa mwenendo na ndoa yake, sababu isiyogusa rangi hata kidogo, na amri ya jaji ilikataza sababu ya rangi tu. Ujanja huo unatisha kwa utulivu wake. Na haukulenga kumwondoa Pollie pekee. Bodi ya wadhamini ilitumaini kwamba Lucy, akiachwa bila mwenzake aliyemvuta kuingia humo, atakata tamaa mwenyewe na kubaki kwao. Hawakumjua. Yule wa haya ndiye aliyekwenda.

Alijisajili, akanyimwa bweni, akanyimwa bwalo la chakula. Kwa hiyo alisafiri kutoka Birmingham, zaidi ya kilomita 90 kila upande, kuhudhuria darasa kisha kurudi. Ijumaa Februari 3, 1956 aliketi darasani, mwanafunzi wa kwanza Mweusi katika historia ya chuo hicho. Usiku ule msalaba ukachomwa moto, na wanafunzi wakaandamana wakitaka Alabama ibaki ya Wazungu. Jumamosi akaenda tena.

Jumatatu ya Februari 6 hali ikaharibika. Wanafunzi hawakuwa peke yao tena. Wafanyakazi wa viwanda vya mjini na watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwashambulia Weusi, walikuwa wamejaa uwanjani. Alipotoka somo la jiografia ilibidi apakiwe garini na mlezi wa wanafunzi wa kike, Sarah Healy, pamoja na Jefferson Bennett, msaidizi wa mkuu wa chuo, wamhamishie jengo la somo la pili. Mawe na mayai yakalifuata gari, vioo vikavunjika. Wakamwingiza katika Jengo la Graves, ambako walimu walikuwa wakifundishwa kazi yao, na humo akafungiwa kwa saa kadhaa huku nje wakipiga kelele za kumwua. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alisali. Mwishowe polisi wa barabara kuu walimtoa akiwa amelala sakafuni mwa gari lao, asionekane.

Siku tatu za masomo zikawa zimekwisha.

Usiku uleule bodi ikakutana na kumsimamisha masomo. Sababu: usalama wake na wa wengine. Watu walifanya fujo, aliyeondolewa ni aliyefanyiwa fujo. Haihitaji shahada ya sheria kuona kilichofundishwa umati siku ile. Gavana Jim Folsom hakuita jeshi la akiba. Rais Eisenhower, alipoulizwa na waandishi siku mbili baadaye, alisema anatumaini serikali kuu haitalazimika kuingilia. Mkuu wa chuo, Oliver Carmichael, hakuwa mbaguzi wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa heshima zake aliyewahi kuongoza chuo kingine kikubwa, na alijaribu kusema na umati, nao haukumsikiliza. Kisha akaukubali uamuzi wa bodi. Wapo wanaomwonea huruma. Mimi huruma yangu ina mipaka: alikuwa na wiki kadhaa za kujiandaa tangu mahakama iseme neno la mwisho, na polisi aliowaweka uwanjani hawakutosha kulinda duka.

Mjini ukarudi utulivu. Magazeti yakauita amani. Mwezi uliofuata, huko Montgomery, mchungaji wa miaka 27 ambaye alikuwa anaongoza mgomo wa mabasi, Martin Luther King, alihubiri kuhusu amani hiyo akasema inanuka: ilinunuliwa kwa kusalimu amri mbele ya wenye fujo.

Sasa tufike kwenye kitovu cha kisa. Mawakili wa Lucy walikuwa na hoja nyepesi na nzito kwa pamoja. Kuna amri ya mahakama inayosema apokelewe. Chuo kimemwondoa. Vurugu za watu wengine haziwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu haki aliyopewa na mahakama, na wajibu wa kumlinda ni wa chuo na jimbo. Basi. Hoja hiyo ingetosha, na baadaye ilitosha kweli.

Lakini waliandika na jingine. Katika hati waliyoipeleka mahakamani walidai kwamba viongozi wa chuo walikula njama na wafanya fujo, yaani waliiacha ghasia ikue makusudi ili wapate kisingizio. Wakawataja pia wanaume wanne wasio wanafunzi kuwa walishiriki. Mmoja wao aliitwa Robert Chambliss. Jina hilo lingekuja kusikika dunia nzima, kwani mwaka 1977 alitiwa hatiani kwa bomu lililoua wasichana wanne kanisani Birmingham Septemba 1963. Mwaka 1956 alikuwa bado mtu wa kutajwa pembeni mwa hati.

Je, madai ya njama yalikuwa ya kipuuzi? Hapana. Mtu aliyefungiwa ndani ya jengo huku polisi wachache wakitazama ana haki ya kujiuliza kama wanatazama tu. Ila kushuku ni jambo moja, kuthibitisha kwa kiapo ni jingine, na mawakili hawakuwa na shahidi wala barua ya kuonyesha kwamba bodi iliketi na Klan. Shauri liliposikilizwa Februari 29, Marshall mwenyewe aliyaondoa madai hayo mahakamani. Jaji Grooms akaamuru: Lucy arudishwe darasani ifikapo Machi 5.

Kwa saa chache alikuwa ameshinda. Jioni ileile bodi ikakutana na kumfukuza kabisa, kwa kosa la kukitolea chuo tuhuma za uongo zisizo na msingi. Na hapo utaona jinsi ilivyosukwa. Amri ya mahakama ilizuia kumkataa kwa rangi. Kusimamishwa kwa ajili ya usalama kulikuwa kumebatilishwa. Ila hakuna amri iliyosema chuo hakiwezi kumwadhibu mwanafunzi mwenye utovu wa nidhamu, na ushahidi wa utovu ulikuwa tayari mezani, umeandikwa vizuri, umepelekwa mahakamani na upande wake mwenyewe, kisha ukaondolewa na upande huohuo. Kuuondoa kulisomwa kama kukiri kwamba haukuwa wa kweli. Januari 1957 kufukuzwa huko kulifika mbele ya Jaji Grooms yuleyule aliyemfungulia mlango mara mbili, na safari hii akaunga mkono chuo.

Wengine husema mawakili walimponza. Nusu ni kweli. Walimpa adui fimbo, na kwa kesi iliyokuwa imeandaliwa miaka mitatu kwa umakini wa kupigiwa mfano, aya zile chache zilikuwa za hasira. Lakini nikijiuliza kama bila aya hizo Lucy angehitimu, siwezi kusema ndiyo. Waliotafuta mimba ya Pollie wangetafuta kitu. Tofauti ni kwamba kitu hicho wangelazimika kukitunga wenyewe, na cha kutungwa huvunjika mbele ya jaji upesi kuliko kile ulichokiandika kwa mkono wako. Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hupita nalo haraka: adhabu ilimwangukia mteja kwa maneno yaliyoandikwa na wakili. Mwanafunzi wa miaka 26 aliyetoka chini ya mvua ya mawe aliadhibiwa kwa mtindo wa uandishi wa watu wengine. Hilo halikuwasumbua wadhamini hata kidogo. Kwa upande wa waliofanya fujo, kiongozi wa wanafunzi, Leonard Wilson, alifukuzwa pia mwezi Machi, ili mizani ionekane sawa.

Juni 1956 jimbo likaipiga marufuku NAACP kufanya kazi Alabama. Kati ya makosa ambayo mwanasheria mkuu John Patterson aliyaorodhesha ni kuwasaidia wanafunzi Weusi kuingia chuo cha jimbo. Jumuiya ilirudi Alabama 1964 tu. Kwa hiyo hata nguvu ya kuendelea na kesi ya Lucy ilikuwa imekatwa miguu.

Mwenyewe aliolewa Aprili mwaka huo na Hugh Foster, aliyekuwa akisomea uchungaji, wakahamia Texas. Akatafuta kazi ya ualimu, na jina lake lililokuwa limejaa magazetini likawa mzigo: shule hazikutaka mwalimu wa habari za ukurasa wa mbele. Alirudi Alabama na familia yake mwaka 1974, akafundisha Birmingham. Hakuna aliyemwita kwenye sherehe yoyote.

Na ile amri ya 1955? Hapa ndipo maneno niliyoomba uyakumbuke yanaporudi. Mwaka 1963 Vivian Malone na James Hood walipoomba nafasi, hawakuhitaji kuanza kesi upya kutoka sifuri. Jaji Grooms alisema amri ya kesi ya Lucy bado hai, na inamfunga aliyeshika ofisi ya udahili baada ya Adams kama ilivyomfunga Adams. Juni 11, Gavana George Wallace akasimama mlangoni mwa ukumbi mbele ya kamera, akasoma hotuba yake, kisha akapisha, kwa sababu safari hii Rais Kennedy alikuwa ameliweka jeshi la akiba la Alabama chini ya amri yake. Malone alihitimu 1965, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo chuoni hapo. Picha ya Wallace mlangoni ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na ndiyo sababu wengi hudhani kisa cha Alabama kilianza siku ile. Mlango aliousimamia ulikuwa umefunguliwa kisheria miaka minane nyuma, na mwanamke ambaye wakati huo hakuwa na ruhusa ya kuketi hata kwenye darasa moja.

Ya baadaye nitayapitia haraka mpaka mwisho, kwa sababu yana kitu cha kuchekesha kidogo. Mwaka 1988 walimu walimwalika kuzungumza na wanafunzi wao. Akaulizwa kama aliwahi kujaribu kurudi. Swali la kawaida kabisa, ila lilifukua jambo: kisheria mama huyu wa miaka 58 alikuwa bado amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Walimu wakaibana bodi, na Aprili mwaka huo bodi ikaifuta adhabu. Iliwachukua wadhamini jioni moja kuitoa na miaka 32 kuiondoa. Mwaka uliofuata akajiandikisha. Binti yake Grazia alikuwa akisoma hapo pia, na Mei 1992 mama na binti wakahitimu pamoja, mama akipokea shahada ya uzamili katika elimu ya msingi. Picha yake ikatundikwa katika jengo la wanafunzi. Mwaka 2019 akapewa udaktari wa heshima.

Kisha Februari 2022 chuo kikaamua kulipa jina lake lile jengo alilofungiwa. Jengo la Graves lilikuwa na jina la Bibb Graves, gavana wa Alabama kwa vipindi viwili kati ya 1927 na 1939, aliyeongeza fedha za shule za jimbo, na ambaye pia alikuwa kiongozi wa tawi la Klan huko Montgomery. Wadhamini wakaona busara ni kutomuudhi mtu: waliliita Jengo la Lucy-Graves. Mwanamke aliyepigwa mawe na mkuu wa Klan, wameunganishwa kwa kistari kama maharusi. Wanafunzi wakapinga, gazeti lao likapinga, na Februari 11 bodi ikageuka na kuliondoa jina la Graves. Ukiwa umeifuatilia bodi hii tangu 1952, hutashangaa kwamba hata ilipotaka kutenda haki ilianza kwa kutafuta namna ya kuandika ambayo haimkatai mtu yeyote.

Jengo lilizinduliwa Februari 25 kwa jina la Autherine Lucy peke yake, naye akiwepo. Alifariki siku tano baadaye, Machi 2, akiwa na miaka 92. Kitivo cha elimu bado kiko humo, na walimu wa Alabama bado wanafundishwa kazi yao katika jengo hilo.